Shajara ya mradi: orodha ya msaada katika kartie (mtaa) yetu, Lubumbashi, Kongo

Juma la 1

Leo sisi wa kamati tumefungua kaye mpya, yaani daftari. Kurasa mia mbili, jalada gumu, safu tumezipiga kwa rula na biki (kalamu) nyekundu: namba, jina la mwenye nyumba, avenyu, kiwanja, watu wangapi wanalala humo, nani mgonjwa, amepokea nini na lini, sahihi au kidole. Safu ya mwisho tumeiacha bila jina. Yaya (dada mkubwa) wa huduma ya mambo ya jamii kule komini, serikali ya sehemu yetu ya mji, ndiye aliyetuambia tuiache, maana siku zote kuna jambo ambalo mtu hakulifikiria.

Tunachotafuta ni mambo mawili. La kwanza, familia zisizojiweza za kartie yetu ziwe katika orodha moja, na msaada wowote ukija, uwe unga, dawa, ada au fedha, uifuate orodha hiyo. La pili, huduma ya komini inayoshika orodha iwe na fedha yake ya kufanyia kazi. Hilo la kwanza kila mtu analipigia makofi. La pili watu wanalipita kama hawakulisikia, na ndilo ninalotaka kulisimamia mpaka mwisho.

Tumekuta orodha tatu: ya shefu wa kartie, ya komini na ya parokia. Tumezilaza mezani bega kwa bega, tukasoma majina kwa sauti. Yaliyoonekana katika zote tatu hayakufika ishirini. Katika mojawapo yumo mzee ambaye mimi mwenyewe nilikesha kwenye kilio chake, na bado anahesabiwa kuwa anapokea unga.

Juma la 2

Amekuja mama anayeuza makala, yaani makaa, kwa mafungu njiani kuelekea soko. Mjukuu wake amelazwa, mguu umevunjika, na hospitali imemwambia alete cheti cha umaskini ndipo bili ipunguzwe. Alifungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, akainyoosha juu ya goti kwa kiganja chenye weusi wa makala. Ilikuwa barua ya shefu wa avenyu, mistari minne, bado haijagongwa mhuri.

Nilimwomba anieleze njia yote aliyopita. Kwa shefu wa avenyu alitoa kidogo, “ya biki”. Biro (ofisi) ya kartie ikamwomba “ya karatasi”. Komini walimwambia uchunguzi wa kijamii lazima ufanyike nyumbani kwake, basi atoe nauli ya mchunguzi, kwenda na kurudi. Alijumlisha kwa vidole. Ni bei ya gunia zima la makala. Gunia hilo ndilo lingempa unga wa juma zima pale nyumbani.

Mchana nikaenda kwa yule papa, yaani baba, anayeshika karatasi hizi kule komini. Nilikwenda na hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati. Karatasi ameinunua mwenyewe, rimu moja, imebaki robo. Kidau cha wino wa mhuri amekuwa akikilowesha maji tangu kiangazi, ndiyo maana mihuri yetu imekuwa ya zambarau hafifu, inayosomeka ukiigeuzia dirishani. Anafanya kazi miaka mingi na hana matrikuli, yaani jina lake halimo katika orodha ya mishahara ya serikali. Kuna wengi kama yeye katika nchi hii: wameajiriwa, wana kiti, wana barua ya kupangiwa kazi, na mwezi unaisha bila kitu.

Siandiki haya kumtetea. Fedha aliyopokea ilikuwa unga wa mama yule. Lakini tukimwondoa leo, kesho atakaa mwingine kwenye kiti kilekile, mbele ya kidau kilekile kikavu, na mama mwingine atauza gunia. Huduma isipolipiwa na serikali italipiwa na anayeihitaji. Tangu siku hiyo sijaona tena gharama za biro kuwa jambo la kando.

Juma la 3

Mzee mmoja wa avenyu ya pili, mfanyakazi wa zamani wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, alitushika tukae. Alitaka kueleza habari za posho, nasi tulikuwa na haraka, lakini huwezi kumkatiza mzee. Ninashukuru kwamba hatukumkatiza.

Hapa Lubumbashi msaada haukuanzia komini. Ulianzia kampuni. Union Minière iliyoundwa 1906, kisha Gécamines iliyochukua mahali pake baada ya serikali kutaifisha mali hiyo 1967, ndizo zilizotoa nyumba, hospitali, shule na posho. Unga, mafuta, samaki, maharagwe, kwa kipimo cha familia: una mke, una watoto wangapi. Kila kichwa kiliandikwa. Mtoto akizaliwa, kipimo kinaongezeka, akifa, kinapungua. Watu walisema kampuni ni baba na mama. Baadaye kampuni ikaanguka, na kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia, kila mmoja na malipo yake ya mara moja. Mzee wetu alinunua mashine ya kusaga. Iliharibika mwaka wa pili.

“Kampuni ilinijua kwa namba,” alisema. “Komini hainijui hata kwa jina.”

Nililibeba neno hilo hadi nyumbani. Komini zilirithi watu wa kampuni bila kurithi rejista yake, wala karani wake, wala mfuko wake. Tunazilaumu kwa kutojua kazi ambayo hazikukabidhiwa vifaa vyake. Mzee tumemwandika namba 31.

Juma la 5

Majuma mawili ya kwenda nyumba kwa nyumba. Miguu imechakaa, kaye imejaa hadi ukurasa wa arobaini.

Kabla ya kuanza nilimuuliza yaya wa komini kama kuna hesabu ya watu tunayoweza kulinganisha nayo. Sensa ya mwisho ya nchi hii ni ya 1984. Aliyezaliwa mwaka ule leo ana mtoto anayesoma chuo kikuu. Kinachotumika kama kitambulisho ni kadi ya uchaguzi, na walioipoteza baada ya uandikishaji wa 2022 na 2023 wanatembea na jina la mdomoni tu. Hali ya watoto ndiyo mbaya zaidi. Sheria inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto baada ya kuzaliwa. Zikipita, ni lazima hukumu ya mahakama, na hukumu inaomba fedha ambayo mzazi hana. Katika avenyu moja tumekuta nyumba tano mfululizo ambamo hakuna mtoto hata mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa. Tumewaandika kwa jina ambalo mama anawaitia jioni.

Sasa, nani ni maskini? Tulianza kwa kutazama kuta na paa, kwa sababu ndiyo njia rahisi na haina mabishano. Ikatuangusha siku ya pili. Mjane mmoja anakaa katika nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, aliyoiacha mume wake wa Gécamines. Watoto wanakula bukari (ugali) mara moja kwa siku, na sombe (kisamvu) bila mafuta. Mkabala wake kuna mpangaji wa chumba cha matofali mabichi mwenye pikipiki mbili barabarani zinazomletea fedha kila jioni. Kwa kipimo cha ukuta, yule wa pikipiki ndiye angepata unga.

Tukabadili. Sasa tunauliza: jana mlikula mara ngapi? Jioni nani anarudi na kitu mkononi? Mtu akiugua usiku, mnauza nini kwanza? Hilo la tatu ndilo lililotufundisha zaidi, kwa sababu watu hawalitegemei na wanalijibu bila kujipanga. Anayesema “tunauza redio” yuko mahali pamoja. Anayenyamaza, akatazama ndani ya nyumba, kisha akasema “tunangoja asubuhi”, yuko pengine kabisa.

Jumamosi tulisoma orodha mbele ya watu chini ya mwembe wa avenyu, ili majirani wakosoe. Walikosoa vizuri: majina manne yakatoka, saba yakaingia. Lakini nilimwona baba mmoja akiondoka taratibu jina lake liliposomwa, kofia usoni. Hakurudi. Kosa ni letu. Mtu anaweza kukubali njaa yake ijulikane na karani, asikubali itangazwe mbele ya wakwe zake. Tumeamua hivi: kuanzia sasa kila avenyu itachagua mamas watatu wanaoaminiwa, wao ndio watakagua kaye mezani, na safu ya ugonjwa itafunikwa kwa karatasi. Nimekwenda kwa baba yule kumwomba radhi. Alinipa kiti, hakusema mengi.

Juma la 6

Mvua. Umeme haukuwapo siku nne, mashine ya kopi imelala. Hakuna kilichofanyika.

Juma la 8

Siku mbili na mhasibu wa komini, mtu mvumilivu, tukisoma bajeti mstari kwa mstari. Naandika nilivyoelewa, kwa lugha ya kawaida, kwa ajili ya wenzangu wa kamati.

Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema sehemu ya mapato ya taifa inayokwenda kwa majimbo ni asilimia 40, na kwamba inabaki palepale inapokusanywa. Sheria ya 7 Oktoba 2008 ikaendelea: kati ya sehemu hiyo ya jimbo, asilimia 40 ni ya miji, komini, sekta na milki za machifu. Kwenye karatasi, basi, komini ina haki yake. Katika utendaji, fedha inakwenda kwanza Kinshasa, ndipo sehemu inarudishwa chini. Watu wa ofisi wanaiita retrosesio, na inafika pungufu, imechelewa, au haifiki. Karani hawezi kupanga mwezi wake juu ya fedha ya namna hiyo.

Kisha kuna mrabaha wa madini. Msimbo wa madini uliorekebishwa Machi 2018 umegawa hivi: 50 kwa mia serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini au sekta ambamo mgodi umo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba inalipa asilimia 3.5, kobalti 10 tangu ilipotajwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018. Ile 15 inaingia moja kwa moja katika akaunti ya komini husika, na hilo ni jambo jema sana. Ila komini isiyo na shimo la mgodi ndani ya mipaka yake haipati kitu, hata kama nusu ya wachimbaji wanalala kwake na wajane wao wanazikia kwake. Yetu haina shimo.

Linalobaki ni mapato yake yenyewe: ushuru wa soko wa kila siku, maegesho, na karatasi. Hapo mhasibu aliposema “karatasi”, niliweka biki chini. Vyeti ni chanzo cha mapato cha komini. Komini imewekwa mahali ambapo inaishi kwa kuuza karatasi, na maskini ndiye anayedaiwa karatasi nyingi kuliko wote. Mwenye nacho haombwi kuthibitisha kwamba anacho.

Nimeandika pendekezo la ukurasa mmoja. Mstari mmoja mpya katika bajeti, wenye vipande vitatu: karatasi na wino, nauli ya uchunguzi, primu, yaani malipo madogo ya kazi, ya watu wawili wanaoshika orodha. Na kifungu kimoja kwa wanaoleta msaada kutoka nje, makanisa, mashirika, wafanyabiashara wa sikukuu: kila anayetumia orodha yetu aongeze falanga tano juu ya kila mia anayogawa, ziingie katika mfuko wa kuitunza orodha, na risiti ibandikwe mlangoni.

Mhasibu alisoma, akavua miwani. “Papa, msaada ni wa maskini. Si wa karani.” Ndivyo wanavyosema wafadhili pia, nami nilisema hivyo miaka yote. Nikamuuliza: gunia la unga linatembea lenyewe? Likifika bila karani anayelipwa, nani anachagua mlango litakaposimama? Alikaa kimya. Akachukua kalamu, akasahihisha jumla yangu, maana nilikosea kuhesabu nauli.

Juma la 9

Jaribio la fedha kwa simu. Parokia imetupa kiasi kidogo kwa familia thelathini za kwanza katika kaye. Tulifikiri litakuwa jambo la asubuhi moja, kwa sababu mjini hapa nani asiyejua M-Pesa, Airtel Money au Orange Money?

Limekula juma zima. Bibi mmoja laini yake imeandikwa kwa jina la mkwe wake aliyehamia Kolwezi. Fedha ikamfikia mkwe, naye akaomba apigiwe na shefu ndipo airudishe. Wawili walimpa mtoto wa jirani namba ya siri ili awasaidie kutoa, na mmoja wao alipewa pungufu. Wakala wa karibu aliishiwa noti saa nne asubuhi. Na sisi tulisahau ada ya kutoa, kwa hiyo kila mtu alipokea kidogo kuliko tulivyomtangazia, wakaja kuuliza nani amekata. Walikuwa na haki ya kuuliza.

Tumerekebisha: ada ya kutoa inaongezwa juu, wakala anaarifiwa siku moja kabla, na wasio na simu yao watapokea mkononi mbele ya mamas watatu wa avenyu. Ile safu ya mwisho ya kaye sasa ina jina. Tumeandika: “Simu ni ya nani.”

Juma la 11

Burgumesta, mkuu wa komini, amekubali jambo moja bila kungoja bajeti. Tangu Jumatatu mlango wa huduma una tangazo lenye mhuri wake, kwa Kiswahili, herufi kubwa: cheti cha umaskini hakiuzwi; uchunguzi haulipiwi na anayechunguzwa. Mhuri unasomeka kutoka upande wa pili wa ua, kwa sababu kamati imenunua kidau kipya. Papa wa karatasi na mwenzake wanapokea primu ndogo kila mwisho wa juma la nne kutoka makusanyo yetu, kwa bahasha, wanatia sahihi katika kaye ya pili ambayo yeyote anaweza kuiomba na kuisoma. Parokia imetuazima baiskeli ya uchunguzi.

Tangazo peke yake lisingetosha. Matangazo ya namna hii tumeyaona yakipauka ukutani. Lililobadilika ni kwamba mtu anayelisimamia amekula.

Watu wamekuja wengi katika juma moja kuliko mwezi mzima uliopita. Wamekuja na wasiostahili pia. Papa amewakataa watatu, na mmoja amekwenda kumshitaki kwa shefu kwamba anapendelea kabila lake. Shefu akaomba kaye, akaona majibu ya maswali matatu yameandikwa na mamas wa avenyu wametia vidole, akalifunga shauri papo hapo. Kaye imemlinda karani kama inavyomlinda maskini, hilo sikulitegemea.

Shefu mmoja wa avenyu bado anaomba “ya biki”. Wazee wamemwita, wamezungumza naye faraghani. Tunamtazama.

Juma la 13

Kikao cha bajeti. Nilikaa kwenye benchi la nyuma na yaya wa huduma, tangu saa tatu hadi giza.

Mstari wetu umeandikwa. Kipande cha karatasi na wino kimepita chote. Nauli ya uchunguzi imepita nusu. Primu imekataliwa, hadi jimbo litakapotuma sehemu yake. Yaya alinishika mkono pale benchini, nadhani aliona uso wangu. Yeye amekaa vikao vingi, anasema mwaka wa kwanza mstari kuandikwa ni kazi kubwa, kwa sababu mwaka wa pili hakuna anayeuliza umetoka wapi. Lakini fedha iliyoandikwa bado haijatoka. Tumeomba kwa barua tuonyeshwe kila miezi mitatu kilichotolewa katika mstari huo, na tumegongewa mhuri wa kupokelewa.

Primu itaendelea kutoka makusanyo. Tuna ya miezi mitatu. Kifungu cha falanga tano kimekubaliwa na parokia na wafanyabiashara wawili wa soko. Mfadhili mmoja amesema kanuni zake haziruhusu, nasi tumemwandikia tena na nakala ya kaye ya juma la 9, ili aone kazi ilivyo.

Jana jioni tulisafisha orodha. Wafu wametoka, waliohama wametoka, mapacha wa nyumba namba 58 wameingia. Tulipokuwa tunafunga akaja yule mama wa makala, mjukuu nyuma yake anachechemea kwa fimbo, plasta imetolewa. Alitia kidole chake mahali pa unga, akakifuta kwenye kitenge. Hakuondoka. Alisema katika kiwanja cha nyuma kwake, nyuma ya choo, kuna mama asiyesikia, amehamia tangu mvua zilipoanza, na watoto wawili. Hatukumwandika kwa sababu tulibisha hodi mlangoni, naye hakusikia.

Kesho saa moja asubuhi tunakwenda, mama wa makala akitutangulia. Tumeweka alama ukurasa wa 67.